Kwaya Iliyokuwa ya Gesare

Pale sokoni Ekerenyo hakuna aliyemwita Gesare kwa jina lake. Wauza ndizi, wenye bodaboda, hata fundi wa viatu, wote walimwita Mwalimu wa Kwaya, naye aliitikia kana kwamba ndilo jina alilobatiziwa. Alifundisha Kiswahili na dini katika shule iliyo juu kidogo ya soko, lakini hayo watu hawakuyakumbuka. Walichokumbuka ni kwamba kila siku ya wazazi, kila mazishi ya mtu mkubwa, kila mara mheshimiwa fulani alipokuja kufungua darasa jipya, watoto wenye soksi nyeupe walipangwa mistari mitatu, akasimama mbele yao mwanamke mfupi, mnene kidogo, mikono yake ikakata hewa kama anafyeka majani ya ng'ombe, na watoto wakaimba.

Muziki hakuusomea. Alizaliwa upande wa Nyamarambe, katika nyumba ambamo nyimbo za kanisa ziliimbwa kabla ya chai ya asubuhi, na mtoto aliyeteleza akaingia sauti ya jirani yake alifinywa sikio. Do-re-mi alifundishwa na babake kwa kidole kinachogonga meza. Alipoolewa Ekerenyo na Mose, mkulima wa chai asiye na maneno mengi, aliikuta shule ina kwaya isiyo na mwenyewe. Mwalimu aliyekuwa nayo alikuwa amehamishwa. Mwalimu mkuu wa wakati huo akauliza ni nani anayeweza kuishikilia kidogo. Gesare akaishikilia. Akaishikilia mpaka wanafunzi wake wa kwanza wakaanza kuleta watoto wao.

Ndipo akaja Sheryl.

Alishuka kwenye bodaboda mbele ya ofisi asubuhi ya muhula mpya, amekumbatia kinanda kilichofungwa kwa shuka kama mtu aliyepakata mgonjwa. Alikuwa msichana mrefu wa Kijaluo kutoka Homa Bay, upande wa ziwa, mwenye kicheko cha karibu, na ndio kwanza ameajiriwa kufundisha muziki na sanaa katika madarasa ya junia, la saba hadi la tisa. Mwalimu mkuu, Bi. Celestine, alimtambulisha ofisini mbele ya walimu wote.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Tumeomba mwalimu wa muziki miaka na miaka. Leo Mungu amejibu."

Gesare alikuwa anapiga makofi pamoja na wenzake. Mikono yake ikasita. Kumbe wameomba? Ni nani aliyeomba? Na yeye muda wote huo walimhesabu kuwa nani?

Somo la kwanza la Sheryl alilisikia kupitia ukutani, akiwa ameinamia rundo la insha za kusahihisha. Alisikia watoto wakicheka. Katika darasa la Gesare hakuna aliyewahi kucheka. Waliimba wima, macho mbele. Halafu akasikia vikombe vya uji vikigongwa juu ya madawati, upande mmoja hivi, upande wa pili vile, makelele matupu, mpaka ghafla makelele yale yakashikana yakawa kitu kimoja kilichotembea. Gesare aligundua kwamba mguu wake unafuata. Akaurudisha chini ya kiti.

"Hilo sasa ni soko," aliwaambia walimu waliokuwa karibu.

Mwalimu wa hisabati alikuwa anatikisa kichwa kwa mapigo ya vikombe.

Wiki haikwisha kabla Bi. Celestine hajamwita ofisini. Alimwambia kwa upole kwamba amebeba mzigo huo vya kutosha, kwamba umri nao una haki yake, na kwamba tangu siku hiyo kwaya ingekuwa chini ya Madam Sheryl. "Wewe utakuwa mshauri wake, mama. Hatuwezi kukuacha nje."

"Hakuna shida," Gesare akasema, akatoka, akapita madarasa yote mpaka kwenye ua wa miti nyuma ya jikoni. Akasimama pale akijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Lingekuwa jambo jepesi kama Sheryl angekuwa na kiburi. Mtu mwenye kiburi unamchukia, ukalala. Lakini huyu alimfuata kila siku kwa heshima. "Mama, hawa wavulana wa darasa la tisa ungewaweka sauti ya ngapi?" Au, "Mama, hili neno la Kigusii nalitamka sawa?" Gesare alimjibu kwa ufupi. "Si wewe ndiye uliyesomea?" alisema siku moja, na Sheryl akacheka, akidhani ni utani.

Jioni Mose alirudi kutoka kituo cha chai, akaweka kikapu kitupu nyuma ya mlango na kukaa kwenye kigoda. Alimtazama mkewe akisonga ugali.

"Anaimbaje?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo unayempigia sufuria."

Gesare akapunguza nguvu za mwiko. "Haimbi. Anapiga kinanda."

"Na watoto?"

"Watoto wanaimba."

"Vizuri?"

Gesare alipakua mboga za chinsaga, akamsogezea sahani, akaenda kuwafungia kuku. Mose alimjua mke wake. Hakurudia swali.

Sasa kulikuwa na msichana mmoja darasa la nane aliyeitwa Linda Bochaberi, binti wa Mzee Anyona, mzee wa kanisa la Waadventista ambako Gesare na Mose walisali. Gesare ndiye aliyemvumbua, akiwa bado mtoto wa shule ya Sabato, sauti yake nyembamba kama uzi lakini haikatiki. Alimpa wimbo wa peke yake kabla hajafika hata urefu wa wenzake. Alimshonea ukosi wa sare. Gesare mwenyewe alizaa wavulana watupu, nao walikwenda Nairobi, na katika wote hakuna aliyejua kushika sauti. Kwa hiyo moyoni mwake, bila kumwambia mtu, alikuwa amemweka Bochaberi mahali pa binti.

Sheryl alimlaza Bochaberi kwenye nyasi, akamwekea kitabu tumboni, akamwambia apumue mpaka kitabu kipande. Gesare aliona kwa dirisha akasema moyoni kwamba huu ni wazimu wa chuo. Lakini haukupita muda mrefu, alasiri moja baada ya mvua, alisikia sauti kutoka upande wa darasa la muziki, sauti pana, iliyojaa, isiyokuwa na haraka. Hakuitambua. Alitoka nje kuona huyo mwanafunzi mgeni ni nani.

Alikuwa Bochaberi. Alikuwa amesimama miguu imeachana kidogo, mikono imelegea, kidevu hakikuinuka kama Gesare alivyomfundisha. Alipomaliza alimgeukia Sheryl, uso umewaka.

"Baba, nimeweza?"

Sheryl akaangua kicheko. "Leo nimekuwa baba yako?"

Wasichana wengine walimwelezea wakisukumana: kwa Kigusii, baba ni mama, na tata ndiye baba. Bochaberi alijifunika uso kwa aibu, kwa kuwa neno lilikuwa limemtoka bila kufikiri. Gesare, pale kwenye kona ya ukuta, aliona kama amemwagiwa maji ya moto kifuani. Miaka yote ile msichana alimwita Mwalimu. Mwalimu, basi.

Tangu siku hiyo wivu haukumpa nafasi. Alihesabu makosa ya Sheryl kama kuku anavyodonoa, moja moja: sketi, kuchelewa kwa dakika, kucheka na wavulana wa darasa la tisa, kinanda kinachokula umeme. Na kwa kuwa atafutaye hakosi, Ijumaa moja alipata.

Tamasha la kaunti lilikuwa linakaribia na mazoezi yalikuwa yameongezwa. Jua lilikuwa limeanza kuinama nyuma ya vilima vya chai, na kila Mwadventista anajua Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, kazi na michezo imekoma. Sheryl alikuwa Mkatoliki, lakini alilijua hilo. Aliwaruhusu watoto wa Sabato waende mapema. Gesare aliwaona wakitoka getini mbio. Ila Bochaberi alibaki. Gesare alimsikia akimbembeleza: "Madam, mara moja tu, pale mwisho panakataa." Sheryl akatazama nje, akasema haya, mara moja. Ikawa mara mbili. Msichana alipotoka, anga ilikuwa nyekundu.

Kesho yake baada ya ibada, watu wakisalimiana chini ya paa la kanisa, Gesare alimwendea Mzee Anyona. Alimsalimu, akamuuliza habari ya ng'ombe aliyezaa. Halafu akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba alishangaa kumwona Bochaberi shuleni jana na jua linazama, bado anafanyishwa mazoezi ya mashindano. "Sisemi kwa ubaya, mzee wangu. Mwalimu ni mgeni, si wa imani yetu. Lakini mtoto ni wetu."

Kila neno lilikuwa kweli. Hakuongeza hata chembe, alipunguza tu.

Mzee Anyona alimshukuru. Jumatatu Bochaberi alifika shuleni na ujumbe kwamba ametoka kwaya, na babake hataki mjadala.

Gesare alitarajia kufurahi. Siku moja nzima alifurahi kweli, alitembea wepesi, akamsalimu Sheryl kwanza. Siku ya pili Sheryl alimfuata hadi nyumbani, na mkate chini ya kwapa kama desturi inavyotaka, akakaa sebuleni chini ya picha za wavulana wa Gesare.

"Mama, nimekosea," alisema. "Ile Ijumaa nilipaswa kumkatalia. Nilienda kwa mzee kuomba msamaha lakini hakunikaribisha ndani. Wewe ni mtu wa kanisa lake. Ukisema neno, atasikia."

"Nitaona," Gesare akasema.

"Asante, mama. Si kwa ajili ya tamasha. Mtoto haongei. Darasani anakaa kama ameondoka."

Gesare alimsindikiza mpaka kwenye migomba. Hakwenda kwa Anyona kesho yake, wala keshokutwa. Alijiambia mvua ni nyingi. Alijiambia Mose ana kikohozi. Ukweli ni kwamba alikuwa na mpango. Sabato iliyofuata alimwomba Bochaberi aje kuongoza kwaya ya vijana kanisani, ambayo ilikuwa bado mikononi mwake. Huko hakuna kinanda, hakuna Sheryl. Huko msichana angerudi kuwa wake.

Bochaberi alikuja, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu. Alisimama alipoambiwa asimame. Aliinua kidevu kama zamani. Akaimba, na noti zote zilikuwa mahali pake, hakuna hata moja iliyoteleza, na hapakuwa na mtu ndani yake. Ilikuwa kama kusikiliza mtu akisoma orodha ya majina. Vijana wengine walitazama chini.

"Hebu tena," Gesare akasema. "Kwa moyo sasa."

Akarudia vilevile.

"Bochaberi, una nini?"

Msichana alijibu taratibu, bila ukali wowote. "Tata alisema ni wewe uliyemwambia, Mwalimu. Ulimwambia pia kwamba ni mimi niliyeomba?"

Gesare alisema mazoezi yamekwisha.

Alimwona Mzee Anyona Jumapili hiyo, akipalilia ndizi kando ya nyumba yake. Hakungoja kukaribishwa kiti. Alisimama kwenye udongo uliolowa na kumwambia lile alilolipunguza: kwamba watoto wa Sabato waliruhusiwa mapema, kwamba mwalimu mgeni alijua saa na akaiheshimu, kwamba Bochaberi ndiye aliyebembeleza abaki.

Mzee Anyona aliegemea jembe. "Hayo uliyajua siku ile?"

"Niliyajua."

"Na ulisimama nami chini ya paa la kanisa ukaniambia nusu."

Gesare aliitikia kwa kichwa.

"Mimi nilimchapa maneno binti yangu," Anyona akasema. "Nilimwambia amemuuza Bwana kwa kombe la mashindano. Hilo nililisema mimi, si wewe, na nitalijibu mimi. Lakini wewe, Mwalimu, ulikuwa unatafuta nini?"

"Unajua, mzee."

Anyona alimtazama, mtu mzima akimtazama mtu mzima. "Basi sikiliza. Atarudi. Lakini kila Ijumaa utakaa mle darasani wewe mwenyewe. Jua likifika pale juu ya kiwanda cha chai, utasimama useme imetosha. Mimi nitakuuliza wewe, si yule Mjaluo."

Ndivyo Gesare alivyojikuta kila Ijumaa kwenye kiti cha nyuma cha darasa la muziki, kazi yake ikiwa ni kutazama jua. Hakuna adhabu ambayo angejipa iliyo kali kuliko ile. Ilimbidi asikilize. Alimwona Sheryl akisimamisha wimbo mzima kwa sababu ya pumzi moja, alimwona akiwaambia wavulana waimbe kama wanamwita ng'ombe ng'ambo ya mto, na wavulana wakafanya hivyo, na ilikuwa sawasawa. Aliyaona mambo ambayo yeye hakuwahi kuyawaza, na kila moja lilimchoma mahali pake. Bochaberi mwanzoni aliimba kwa tahadhari. Halafu ile sauti pana ikarudi. Jua lilipofika juu ya kiwanda Gesare alisimama, akasema imetosha, na hakuna aliyembishia.

Lakini wivu ni mgeni asiyeaga. Katika Ijumaa hizo Gesare alisikia kasoro. Katika ubeti wa pili sauti ya tatu ilikuwa inashuka, kidogo sana, kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Sheryl, aliyekuwa kwenye kinanda macho yakimfuata Bochaberi, hakuisikia. Gesare aliisikia wiki baada ya wiki. Akanyamaza. Alijiambia: mimi nimewekwa kutazama jua.

Tamasha la kaunti lilifanyika Nyamira. Gesare alienda na wazazi, akiwa amevaa gauni lake la makambi ya kanisa, akakaa katikati ya ukumbi. Watoto walipopanda jukwaani na Sheryl akainua mikono, vidole vya Gesare, mapajani, vilianza kuongoza vyenyewe. Bochaberi aliposogea mbele na kuanza, ukumbi uliacha kukohoa. Mwanamke wa kutoka Nyaramba aliyekuwa kando yake alimgusa mkono.

"Ni mtoto wako? Naona unalia."

Gesare alifuta uso kwa kiganja. Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, tamu.

"Hapana," akasema. "Ni wa yule mwalimu pale."

Walikuwa wa pili. Mwamuzi alisifu kila kitu, hasa msichana aliyeimba peke yake, kisha akasema kwamba katika ubeti wa pili sauti ya tatu ilizama, na hapo ndipo nafasi ya kwanza ilipopotea. Wa pili walikuwa bado wanapita kwenda mashindano ya kanda, kwa hiyo watoto walirukaruka nje kwenye nyasi, lakini Sheryl alikaa peke yake kwenye ngazi za ukumbi, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Gesare alikuja akakaa ngazi moja chini yake.

"Nilikuwa nimeisikia," akasema. "Ile sauti ya tatu."

Sheryl aligeuza kichwa. "Lini?"

"Tangu zamani."

Kule chini watoto walikuwa wanagombania mandazi. "Na ile habari ya Ijumaa," Sheryl akasema, "nilijua pia ni wewe, mama. Mzee aliniambia pale pale getini, siku aliyonifukuza."

"Ulijua? Na ukaja kwangu na mkate?"

"Ningeenda kwa nani? Hakuna mwingine aliyekuwa anaweza kumrudisha."

Gesare alitazama viatu vyake. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa machozi, lakini si kwa hili. Kumbe hata kwa uvumilivu msichana huyu alikuwa amemzidi, na jambo hilo nalo, aibu iliyoje, lilimuuma kwa namna ileile.

"Nakuonea wivu," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia daktari mahali panapouma. "Sijui utaisha lini. Siwezi kuahidi."

Sheryl hakumkumbatia wala hakumwambia ni sawa. Alimwaga chai iliyopoa kwenye nyasi. "Mimi nimekasirika, mama. Tungekuwa wa kwanza." Halafu akaongeza: "Hao wa sauti ya tatu hawanielewi vizuri. Wananicheka ninavyosema Kigusii. Jumatatu uwachukue."

Jumatatu Gesare aliwachukua. Walikuwa wavulana saba warefu, sauti zao ndio kwanza zinavunjika, wamejipanga kwenye baraza ya stoo kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine. Aliwaimbia mstari wao kwa do-re-mi, akigonga kidole kwenye mbao za mlango, na aliyeteleza alimkazia jicho mpaka akarudi. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kisii. Walikuwa wamefika mstari wa tatu wakati Bochaberi alipoanza kuimba ng'ambo ya uwanja, na kinanda kikaingia chini yake.

Wavulana waligeuza vichwa. Gesare alisimama tuli, ule moto wa zamani ukimpanda kooni, akausikiliza mpaka ukatua.

"Macho huku," akasema. "Tunaanza tena ubeti wa pili."